Naboti wa Basotu: Je, Mkristo Avunje Sheria?

Kuna sura moja ya Biblia ambayo katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang imefunga midomo mingi kuliko pingu za polisi. Ni ile ya kumi na tatu ya Waraka kwa Warumi. Kijana akiuliza swali kidogo tu kuhusu ardhi, kuhusu ushuru, kuhusu mkubwa fulani aliyejimegea eneo la kijiji, hapo hapo mzee atanyanyua kidole: soma Warumi 13, mamlaka yametoka kwa Mungu! Basi, mjadala umekwisha. Kijana anarudi nyumbani kichwa chini, mkubwa anaendelea kujimegea.

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliitumia sura hiyo hiyo kama rungu. Anasema Mkristo asipoipenda sera ya serikali aombe, apige kura, kisha atulie. Akivunja sheria, hata kwa amani, hata bila kurusha jiwe, ati ameshindana na Mungu mwenyewe. Makala yake ilipangwa vizuri na Kiswahili chake kimenyooka, nampa hongera. Lakini hoja haisimami. Na kama kuna mahali duniani isiposimama kabisa, ni hapa kwetu, chini ya Mlima Hanang.

Kwa nini hapa? Kwa sababu ya ngano.

Wengi wetu tuliozaliwa juzi juzi tunayajua mashamba ya ngano kama mandhari tu, kitu cha kukiona dirishani ukiwa ndani ya basi. Tuanze basi na historia yake, maana mwenzangu aliiruka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali yetu ikisaidiwa na Canada iliamua kwamba nchi ijilishe mkate wake yenyewe. Si wazo baya. Shirika la umma la NAFCO likapewa tambarare za Hanang, zaidi ya ekari laki moja, yakazaliwa mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Yakaletwa matrekta na mashine kubwa za kuvunia ambazo babu zetu hawakuwahi kuziona. Canada ilitia mkono wake mpaka mwaka 1993.

Lakini ardhi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wabarabaig walikuwa na jina lake, muhajega, yale mabonde yenye rutuba ambayo ndiyo malisho bora kuliko yote katika mzunguko wao wa mwaka. Mfugaji hakai mahali pamoja. Anahama na majira, analipumzisha eneo hili na kulisha lile, kisha anarudi. Mtu wa ofisini akipita wakati eneo limepumzishwa anasema, ahaa, hapa hapana mtu! Na makaburi je? Wabarabaig humzika mzee wao mheshimiwa kwa mazishi ya miezi mingi na kumjengea tuta kubwa la udongo, bung'eda. Matuta hayo mengine yalilimwa. Trekta lilipita juu ya baba wa mtu, ikapandwa ngano.

Njia za ng'ombe za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zikakatwa. Aliyepita njia ya babu yake akaitwa mvamizi. Mifugo ikakamatwa, watu wakatozwa faini, wapo waliopigwa.

Sasa tazama, mwenzangu wa Warumi 13, watu hawa walifanya nini. Walichukua mikuki? Hapana. Walikwenda mahakamani! Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walifungua kesi dhidi ya NAFCO huko Arusha. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO wakakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya ushindi. Na moja ya sababu zake, naomba uisome taratibu: wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wazawa kwa maana ya sheria. Mbarabaig wa Hanang alitakiwa alete ushahidi kwamba ni mwenyeji wa Hanang! Ningeandika jambo hili katika riwaya, mhariri angelikata kwa kalamu nyekundu na kuniambia nimetia chumvi.

Haikuishia hapo. Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji kadhaa vya mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulizijumuisha wilaya zetu. Halafu kuna kisa cha Kambi ya Simba, wakati ule ikiwa wilaya ya Mbulu, leo ni Karatu. Baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walikuwa wamepoteza mashamba yao wakati wa operesheni vijiji. Wakashtaki, na Januari 1987 wakashinda. Wakashinda kisheria kabisa, kwa hukumu yenye muhuri. Mwaka 1992 ikatungwa sheria mpya ya kufuta haki za namna hiyo, kuzima kesi zilizokuwa mahakamani na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Kwa hiyo mwenzangu anapotuambia tufuate sheria, mimi namwuliza: sheria ipi? Ile iliyokuwepo ulipokwenda mahakamani, au ile iliyotungwa baada ya wewe kushinda?

Baba na mwana hawakuchoka. Jaji Eusebia Munuo wa Mahakama Kuu aliona sheria ile inakwenda kinyume cha Katiba, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiongoza, ikakubali kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali, na mali ya mtu inalindwa na Katiba. Nchi nzima inanufaika na ushindi huo mpaka leo. Wapinzani wangu wataurukia: unaona? Mahakama inatosha! Inatosha kwa nani? Wa Kambi ya Simba walipata hukumu ile karibu miaka minane baada ya kushinda mara ya kwanza. Wa Mulbadaw walishindwa, na ardhi ikaendelea kulimwa. Kinga ya Katiba ilikuja wakati bung'eda zimeshakuwa matuta ya ngano.

Sasa tueleweane maneno, maana hapa ndipo watu wanapopigana gizani. Sizungumzii ghasia. Sizungumzii kuchoma ofisi ya kata wala kumpiga mgambo. Nazungumzia kukataa kutii sheria fulani hadharani, mchana kweupe, bila silaha na bila matusi, kwa sababu sheria hiyo au sera iliyoizaa ni dhuluma. Na ukikamatwa, hukimbii. Unakwenda mahabusu ukiwa umevaa vizuri. Mtu anayevunja sheria usiku kwa faida yake ni mwizi. Huyu ninayemsema anavunja mchana kwa hasara yake, ili wenye nchi waone aibu na kubadilisha sera.

Je, Biblia inamkataza huyo? Hebu tuifungue.

Wakunga wawili wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliagizwa na Farao waue watoto wa kiume. Hawakutii, na kitabu cha Kutoka kinasema Mungu aliwatendea mema. Danieli alijua sheria imeshatiwa sahihi, akaenda nyumbani kwake, madirisha yakiwa wazi, akaomba. Angeweza kuomba chini ya blanketi! Mungu angesikia. Aliyaacha madirisha wazi, akaonekana. Mitume walikatazwa na baraza kuhubiri, wakahubiri. Na Paulo mwenyewe, mwenye Warumi 13, kule Filipi alifanya kitu ambacho mahubiri yetu hukipita mbio. Wakubwa walimpiga bila hesabu ya haki, wakamfunga, asubuhi wakatuma neno kwamba aachiliwe aende zake kimya kimya. Akagoma kutoka! Alidai waje wao wenyewe kumtoa, kwa kuwa walimpiga raia bila hukumu. Wakaja. Huo ni mgomo wa kukaa ndani, umo katika Matendo 16, na aliyeufanya ndiye aliyetuandikia tuyaheshimu mamlaka. Kwa hiyo kuyaheshimu mamlaka, kwa Paulo, kulikuwa pamoja na kuyalazimisha yatii sheria yake yenyewe.

Lakini andiko langu la leo ni lile la shamba la mizabibu la Naboti. Mfalme Ahabu hakuja na upanga. Alikuja na ofa nzuri: nikupe shamba jingine bora zaidi, au nikulipe fedha. Maendeleo, bwana! Naboti akakataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Huyo alimnyima mfalme. Kisha Yezebeli akaandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Na wazee wakafanya nini? Wakatii. Kila kitu kilifanywa kwa utaratibu: kikao kiliitishwa, mashahidi wawili walipatikana, hukumu ikatolewa, Naboti akapigwa mawe. Katika kisa kile watii wa mamlaka ni wazee wa Yezreeli, na mkaidi ni Naboti. Nani kati yao aliye upande wa Mungu? Eliya alijua.

Mahubiri ya Naboti nimeyasikia tangu darasa la Jumapili. Kila mara yalihusu tamaa: usitamani cha jirani. Sijawahi kusikia hata mara moja jina Basotu likitajwa ndani yake. Siku moja nilimwuliza mzee wetu wa kanisa, nje baada ya ibada, kwa nini.

"Mwanangu," akaniambia, "madhabahu si mahali pa siasa."

"Sawa, baba mzee. Lakini tunawaombea viongozi kila Jumapili pale pale madhabahuni."

Akacheka. "Kuwaombea si siasa."

"Na kumwombea aliyelimiwa kaburi la baba yake?"

Akanitazama, akaniambia nisalimie nyumbani. Ni mzee mwema sana, nampenda. Lakini pale ndipo ugonjwa ulipo.

Kuna jambo jingine ambalo ni uchungu kulisema kwa sisi Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu. Wabarabaig wengi wa wakati ule hawakuwa Wakristo. Makanisa yalijaa upande wetu zaidi, na jembe letu limekuwa likisogea kwenye malisho yao kwa miaka mingi, hata kabla ya trekta la NAFCO. Kwa hiyo kijana Mkristo wa Mbulu akiuliza kama anaruhusiwa kuvunja sheria, swali lake la kwanza lisiwe kama sheria inamgusa yeye. Mkristo akigusiwa shule yake au kiwanja cha kanisa, ujasiri anao, hahitaji mahubiri. Uasi wa amani ninaoutetea ni ule wa kusimama kwenye njia ya ng'ombe wa mtu ambaye hasali nasi. Hapo ndipo mwenzangu ataniuliza: je, kila dini ikivunja sheria zisizoipendeza, nchi si itapasuka? Itapasuka, kama kila moja inavunja kwa ajili ya mkate wake. Mimi naongelea kuvunja kwa ajili ya urithi wa Naboti.

Tena si jambo geni kutoka Ulaya. Majirani zetu Wameru wa Arusha wamelifanya. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza watu kama 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili Wazungu wachache wapate mashamba ya mifugo. Wengi wa wale Wameru walikuwa Walutheri. Waliambiwa wahame, hawakuhama. Waliletewa fidia, hawakuigusa. Nyumba zikachomwa moto, nao hawakuinua mkuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Ardhi haikurudi mwaka ule, lakini kutoka hapo Mwingereza hakuweza tena kudai kwamba Tanganyika yote imeridhika. Tunawasifu Wameru wale vitabuni. Mbona hatusemi walikaidi Warumi 13? Ama sura ile ilianza kufanya kazi Desemba 1961?

Vuka mpaka, nenda Nairobi. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Profesa Wangari Maathai, walikwenda kukaa Uhuru Park wakigoma kula. Machi 3 polisi wakaja na rungu na mabomu ya machozi. Akina mama wengine wakavua nguo. Kwa Mwafrika hiyo si picha ya kuchekesha. Mama akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani. Kisha wakahamia kanisani, katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Karibu wafungwa wote wakaachiliwa. Kanisa lililowafungulia mlango halikupoteza utakatifu wake. Na ukitaka andiko, lipo: Rispa binti Aya, katika 2 Samweli 21, alitandika gunia juu ya mwamba akalinda maiti za wanawe dhidi ya ndege na wanyama, mpaka Mfalme Daudi akaona haya akawazika. Hakumshika mfalme shati. Alikaa tu, akaonekana.

Hata huku kwetu tusijifanye hatujui. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao. Mwanamume aliyewadhalilisha huitwa, huhukumiwa na kutozwa ng'ombe, na hakuna polisi anayehitajika. Na bonde la Yaeda Chini, hapa hapa Mbulu, mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa eneo la Wahadzabe. Wahadzabe wakapiga kelele, msemaji wao akakamatwa, kelele zikafika magazeti ya ng'ambo, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajitoa. Mwaka 2011 wakapata hati za ardhi yao. Watu wasio na kanisa, wasio na askofu, wasio na gari! Sera ilibadilika kwa kuwa walikataa kunyamaza.

Hapa nimkumbushe mwenzangu Mkristo mmoja ambaye hatamkana. Oktoba 1970, huko huko New York, Mwalimu Nyerere alihutubia masista wa Maryknoll. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuiasi miundo inayowaweka watu katika umaskini na unyonge, litakuwa halina maana kwa watu. Ni Rais wa nchi aliyesema hivyo, Mkatoliki wa kusali kila siku. Kinachoniuma ni kwamba miaka ile ile serikali yake ilikuwa inayaandaa mashamba ya ngano Hanang. Aliwapa Wakristo ruhusa ya kuasi kwa mdomo wake mwenyewe, na hapa nyumbani tukaitumia ruhusa hiyo kuimba kwaya.

Wapo watakaosema: siku hizi maaskofu wanasema, inatosha. Kweli wamesema. Mwaka 2018 Maaskofu Katoliki walitoa ujumbe wao wa Kwaresima na maaskofu wa KKKT waraka wao wa Pasaka, wakubwa wakakasirika. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki likapinga mkataba wa bandari, tamko likasomwa makanisani. Nawavulia kofia. Ila kusoma waraka si kuvunja sheria, na tusijidanganye kwamba tumeshafanya kazi. Baada ya waraka kusomwa tunapokea sadaka, tunatoa matangazo ya ndoa, tunakwenda kunywa chai.

Na wapo watakaoniambia nisiguse moto huu baada ya Oktoba 29, 2025. Siku ile watu waliandamana, risasi zikalia, intaneti ikazimwa, akina mama wakatafuta watoto wao hospitalini. Nawaelewa sana. Tangu hapo ukitamka neno kukaidi, mtu anasikia neno damu. Lakini ndiyo sababu hasa ya kulizungumza sasa. Kijana asiyefundishwa namna ya kukataa kwa mikono mitupu, kwa nidhamu, akiwa na wazee na mapadri na wachungaji mbele yake, hataacha kukasirika. Atakasirika peke yake, barabarani, na jiwe mkononi. Kanisa likimwambia atulie tu, limemwachia nani amfundishe?

Canada imeondoka, NAFCO imekufa, mashamba yamebinafsishwa. Mengine yamegawiwa wanavijiji, mengine yana wawekezaji. Basi tuseme kesho njia ya ng'ombe imefungwa tena, mahakama imesema na sheria imegeuzwa. Mimi ningependa kuona hivi. Jumapili, ibada ifanyike pale kwenye kamba iliyofunga njia. Mchungaji na padri watangulie, kwaya ifuate, na mfugaji apite katikati yetu na mifugo yake mpaka majini. Polisi wapewe taarifa mapema, wajue saa na mahali. Akikamatwa mfugaji, tukamatwe naye. Faini ikitozwa, tusilipe, tukae ndani. Jumapili inayofuata wapite wengine. Mkuu wa wilaya anaweza kumweka ndani Mbarabaig mmoja bila gazeti kujua. Kwaya nzima ya Katesh itampa shida.

Nanyi wenzangu wa kalamu, mnaosoma gazeti hili huko mjini na kuandika riwaya za mapenzi ya Sinza na Mikocheni, si vibaya, hata mimi ninayo moja kwenye daftari. Lakini kesi ya Mulbadaw haina riwaya ninayoijua, wala baba na mwana wa Kambi ya Simba.

Mwenzangu wa toleo lililopita, sasa ni zamu yako, na mhariri najua atakupa nafasi. Ila ukinijibu usinirudishe kwenye sarafu ya Kaisari. Nijibu kuhusu Naboti: je, alipaswa kuuza?